Bahari Inayofika Magotini

Jinsi nilivyofika Jalidani haimhusu msomaji. Mwalimu wa zamu bado analichunguza jambo hilo, na si adabu kumtangulia. Itoshe kusema kwamba tulitumwa kuleta kuni za jiko la shule, kwamba kuni hazikupatikana, na kwamba badala yake mimi nilipata nchi.

Jalidani ni nchi ya wasafiri. Sijaona taifa linaloitukuza safari kama lile. Mitaa yake imepewa majina ya majangwa na milima ya mbali, mtu haozeshwi mke kabla hajazimaliza nchi kadhaa, na wazee wake hawazungumzi jambo ila la njiani. Kitu kimoja tu kilinichelewesha kuwaelewa: katika nchi ile nzima hakuna mtu aliyewahi kwenda popote.

Safari, kwa Mjalidani, ni kitabu. Mtu anayesafiri huketi kibarazani, huvua viatu na kuviweka pembeni vikiwa vimeelekea nchi anayoiendea, kisha hufungua ukurasa wa kwanza na kuwaaga jamaa zake. Jamaa humlilia. Mkewe humfungia chakula cha njiani, naye hukila palepale. Akifunga kitabu huulizwa habari za huko, na watu humshukuru Mungu aliyemrudisha salama. Nilimwona mzee mmoja anayechechemea. Niliambiwa baridi ya milima ya kaskazini ilimla kidole cha mguu katika mlango wa saba wa kitabu. Nilipomwangalia, vidole vyote vilikuwepo na vilikuwa na afya, lakini alichechemea kwa uaminifu mkubwa na kila mtu alimpisha.

Cheo cha msafiri hupimwa kwa nyayo. Kadiri zinavyokuwa laini ndivyo mtu anavyohesabiwa kuwa amefika mbali. Wakubwa wakikutana huketi chini na kuonyeshana nyayo, kama sisi tunavyopeana mikono. Wenye magaga miguuni, yaani wakulima, wachota maji na wachunga mbuzi, huitwa wakaa-nyumbani.

Kwa kuwa nilikuja kwa miguu, nilikamatwa. Hawakuwa na ubaya. Hawakujua tu waniweke rafu gani. Nilipelekwa mbele ya Baraza la Wasafiri, watu wazima wenye nyayo za mtoto mchanga, wakiongozwa na Msafiri Mkuu, Bwana Mwinyikondo. Huyu ndiye mjuzi wao wa nchi yetu. Ameisafiri mara mbili, ya pili akiwa na homa.

"Umefika wapi?" aliniuliza. Hiyo ndiyo salamu yao, na hujibiwa kwa kutaja ukurasa. Mimi sikuijua desturi hiyo.

"Kidato cha tatu," nikasema. "Shikamoo."

Walinong'onezana, wakaridhika. Akaniuliza natoka wapi. Nikamtajia nchi, nikaongeza kwamba kwetu hasa ni Tukuyu.

"Tukuyu," akasema, na akafumba macho kama mtu anayeikumbuka njia. "Nchi kavu. Watu wake hulamba umande majanini, na mtoto akizaliwa huonyeshwa wingu lililochorwa ukutani, asije akashtuka siku moja likipita."

Msomaji asiyepafahamu kwetu aelewe kwamba Tukuyu mvua haiji. Mvua inaishi pale, sisi ndio tunaokuja. Shati nililolifua kabla ya Pasaka nililianua wakati wa likizo ya Juni, tena lilikuwa bado linafikiria kukauka. Nilimweleza hivyo kwa heshima.

Bwana Mwinyikondo alinisikiliza kwa huruma. "Kijana, huko umekaa muda gani?"

"Maisha yangu yote, mzee."

Akawageukia wenzake. "Mnaona? Hakupata nafasi ya kuisoma."

Mjumbe mmoja aliuliza ngao yangu iko wapi. Nikasema nina sweta. Mwingine akaniletea kioo, na niliposhindwa kukiogopa walitikisa vichwa. Wakaamua kwamba mimi si mtu wa nchi yangu. Mtu wa kule angekuwa na ngao, angekuwa na kiu, na angekikimbia kioo. Mtu asiyetoka popote, kwa sheria yao, huwekwa ghalani pamoja na vitabu vilivyoliwa na mchwa, mpaka akumbuke alikotoka.

Hapo nikafanya linalofanywa na kila mwanafunzi wa bweni akiwekwa mbele ya walimu wengi: nikakumbuka. Niliomba radhi. Nilisema kiu ilinivuruga akili, na ngao niliiacha mlangoni kwa adabu. Kisha nikawaongezea ya kwangu, bure. Kwamba kwetu mwalimu mkuu huchaguliwa kwa kupimwa uzito na kengele ya shule, na kengele ikizidi, ndiyo inayoongoza. Kwamba maharage tunayahesabu kuwa wazee, hivyo huamkiwa kabla ya kuliwa. Kwamba wadudu waliomo ndani ya maharage ni wageni wa wazee hao, na si vizuri kuwatoa. Hili la mwisho halikuwa mbali na kweli. Waandishi waliandika mpaka wino ukakauka. Bwana Mwinyikondo alinishika mkono huku machozi yakimlengalenga. Alisema amefika. Safari hii, alisema, amefika kabisa.

Basi nikawa mtu mkubwa. Waliniita Kitabu Kinachokula, wakanipa makazi nyumbani kwa dada yake Msafiri Mkuu, Bi Sikudhani, mjane aliyeishi peke yake upande wa mashariki wa mji.

Bi Sikudhani hakuwa mkaa-nyumbani wa kawaida. Ujanani alikuwa Msomaji wa Baraza: macho ya wasafiri yakichoka, yeye ndiye aliyewasomea kwa sauti. "Nusu ya wazee wale wamesafiri mdomoni mwangu," aliniambia siku ya kwanza, akinitengea uji. "Na wengi walilala njiani."

Chumba alichonipa kilikuwa na dirisha la mashariki, na dirisha hilo lilikuwa limezibwa kwa udongo, juu yake pamebandikwa picha ya bahari yenye mawimbi. Nilidhani ni urembo. Alfajiri nikasikia jogoo akiwika nje ya picha ile, karibu kabisa, na papo hapo mtaa mzima ukakohoa. Wazee walikohoa, watoto walikohoa, na mtu mmoja mbali alikohoa kwa kuchelewa, kama anayekimbilia foleni.

"Bibi," nikamuuliza asubuhi, "hapa kuna ugonjwa wa kifua?"

"Hakuna."

"Mbona mtaa mzima umekohoa?"

"Jogoo wa Kitopeni amewika."

"Hata mimi nimemsikia."

"Hukumsikia. Kitopeni hakuna kuku." Akanisogezea sukari. "Kesho na wewe ukohoe. Majirani wana masikio."

Ndipo aliponieleza. Mashariki mwa Jalidani kuna nchi iitwayo Kitopeni, na Kitabu cha Kitopeni ndicho kitabu kikuu cha taifa lao. Kiliandikwa na msafiri wao wa kwanza, mtu ambaye nyayo zake, inasemekana, zilikuwa laini kiasi cha kuona ndani. Kitabu kinasema kwamba kati ya nchi hizo mbili ipo Bahari Kuu isiyo na sakafu wala ng'ambo. Kwamba Kitopeni yote ni tope. Kwamba watu wake wana mikia, hulala wima, hawacheki na hawafugi kuku. Kwa hiyo, ili Kitabu kisivunjiwe heshima, madirisha yote ya mashariki yamezibwa, na sauti yoyote ikija kutoka huko watu hukohoa mpaka ipite. Mtoto wa Jalidani hujua kukohoa kabla ya kujua kuita mama. Siku Kitopeni wakifanya harusi, Wajalidani huamka kesho yake hawana sauti.

Nilipokwisha kumsikiliza, Bi Sikudhani alifunga mlango, akaishika picha ya bahari kwa pembe na kuisogeza. Nyuma yake palikuwa na tundu la ukubwa wa kikombe.

"Tazama," akasema. "Lakini usiseme umetazama."

Nikatazama. Niliona kijito. Mbuzi alikuwa amesimama katikati yake akinywa, na maji hayakumfika tumboni. Ng'ambo yake palikuwa na migomba, nyumba, kuku wengi wasio na aibu yoyote, na msichana mjamzito aliyekuwa akianika nguo huku akicheka na mtu aliyeko ndani.

"Yule ni Zawena," akasema Bi Sikudhani. "Mwanangu wa pekee."

Zawena, alinieleza, alikwenda kijitoni kuchota maji, ndoo ikamponyoka, na kijana wa ng'ambo akaiokota. Wakarudishiana ndoo ile siku nyingi. Mwishowe ndoo ilibaki ng'ambo na yeye akabaki nayo. Baraza lilikaa likaandika kwamba Zawena binti Sikudhani amezama katika Bahari Kuu. Tangu hapo mama yake humwona kila siku, lakini hana ruhusa ya kumwita, maana aliyezama haitwi.

"Na mimba hii ni ya kwanza," akasema. "Na huko hana mama mkwe, amekufa. Nani atamshika mgongo? Tumepatana kwa ishara. Siku uchungu ukianza, atatundika khanga nyekundu kwenye mgomba ule wa mwisho."

"Kwa nini usivuke tu, bibi?"

"Kuvuka kunatakiwa Ruhusa ya Safari ya Mwili. Hutolewa kwa mtihani, mbele ya Baraza, juu ya Kitabu cha Kitopeni."

"Na wewe Kitabu hukijui?"

Alinitazama kama ambavyo mpishi wetu humtazama mtu anayeomba nyama ya pili. Kisha akaanza kukisoma kwa moyo, bila kupumzika, na angekimaliza kama nisingemwomba radhi.

"Basi shida ni nini?"

"Nacheka," akasema.

Mtihani wa kwanza alifika kwenye mikia, akaangushwa na kicheko. Mtihani wa pili aliipita mikia kwa shida, lakini walipomuuliza wanavyolala alicheka mpaka akaketi chini, na Baraza likatawanyika kwa hasira. Sasa amebakiwa na mmoja. Akianguka tena, sheria inataka ahamishwe upande wa magharibi wa mji, mbali na kijito, na nyumba yake ijazwe mawe. Hata lile tundu hatakuwa nalo.

Nilinyoosha kola ya shati ili jambo lipate uzito wake. Halafu nikamwambia, "Bibi, Mungu amekuletea fundi."

Msomaji aliyepata kukaa bweni anajua kwamba kuna somo moja tu linalofundishwa huko kwa ukamilifu, nalo halimo kwenye ratiba: kutocheka mbele ya mwalimu wa zamu. Mimi katika somo hilo ni wa kwanza kidato kizima. Nimesimama gwaride huku panya akiwa mfukoni mwangu. Nimeimba wimbo wa shule huku kiranja mkuu akiwa amevaa suruali nje ndani, tena kwa sababu ninazozijua mimi.

"Usimtazame machoni wala mdomoni," nikamfundisha. "Mtazame katikati ya nyusi. Pale hapana kitu cha kuchekesha. Shavu liume kwa ndani. Ukizidiwa, fikiria kitu kizito. Sisi tunafikiria ugali wa Jumatatu."

"Siujui ugali wenu wa Jumatatu."

"Basi fikiria kaka yako anaoa tena."

"Wewe mtoto, hilo litaniua kabisa."

Tukakubaliana afikirie jino linalong'olewa. Kila jioni alitwanga na mimi niliketi mbele yake nyayo juu, nikiwa Baraza zima. "Watu wa Kitopeni hulalaje?" namuuliza kwa sauti ya kaka yake. Siku za mwanzo alilazimika kuuacha mchi na kwenda nyuma ya nyumba. Baadaye alibana midomo tu. Mwishowe aliweza kuniambia habari ya mikia, kwamba huoshwa Ijumaa na kukunjwa ndani ya nguo kama mshipi, huku uso wake ukiwa kama wa mtu anayesubiri kunyolewa.

"Mwanangu," aliniuliza siku moja, "huko shuleni kwenu mnasoma nini hasa?"

"Hili hili, bibi. Mengine ni ya kujazia ratiba."

Asubuhi ya mtihani alisogeza picha, akatazama, akairudisha polepole. Nilipotazama na mimi, khanga nyekundu ilikuwa kwenye mgomba wa mwisho. Kifurushi chake alikwishakifunga siku nyingi: nguo kuukuu safi, mafuta ya nazi, uzi na unga wa uji. Akakitia kwapani tukaenda.

Baraza lilikuwa limelala juu ya mito, nyayo zote zikimwelekea mtahiniwa. Sheria ya Jalidani inataka mtahiniwa aulizwe na ndugu yake wa karibu, ili aone haya kukosea. Kwa hiyo aliyeuliza ni Bwana Mwinyikondo mwenyewe.

"Watu wa Kitopeni wana nini?"

"Wana mikia. Huikunja ndani ya nguo kama mshipi, na huiosha Ijumaa."

Uso wake haukutikisika. Nyuma yake mimi niliuma shavu mpaka nikaonja damu.

"Hulalaje?"

"Wima, wakiegemeana kama miganda ya mtama."

Wajumbe walifumba macho. Walikuwa wamekwisha kuondoka, wako njiani. Hapo jogoo wa ng'ambo, kwa uchokozi tu, akawika mchana kweupe. Baraza likakohoa, nami nikakohoa, na Bi Sikudhani akakohoa vizuri kuliko wote.

"Na hucheka?"

"Hawacheki. Kicheko kiliwapita njiani wakiwa wamelala."

Nilianza kujipongeza. Nilikwisha kujiona nikisimulia bwenini jinsi nilivyompasisha mama mtu mzima.

"Swali la mwisho," akasema Bwana Mwinyikondo. "Watoto wa Kitopeni hutoka wapi?"

Jibu nalijua hata mimi. *Huokotwa matopeni baada ya mvua, na hawana mama.* Jana yake alinisomea mstari huo akiwa na upawa mkononi, bila kuyumba. Sasa alifungua mdomo, akaufunga.

Baraza lilisubiri. Mjumbe mmoja mwenye masikio mazito akamuuliza jirani yake, "Amecheka?"

"Hajacheka."

"Mbona amenyamaza?"

Bwana Mwinyikondo aliinama mbele, akateremsha sauti. Wakati ule sikumwona Msafiri Mkuu, nilimwona mtu na dada yake. "Sikudhani, ni mstari mmoja tu."

"Najua ni mstari mmoja. Niliwasomea mimi."

"Basi usome uende."

"Kaka, leo umetazama mashariki?"

"Dirisha langu limezibwa kama la kila mtu."

"Zawena ametundika khanga. Mtoto yuko njiani, na mjomba wa mama yake ni wewe, huna wa kumtupia. Unataka nisimame mbele za watu niseme ameokotwa?"

Mtu mmoja alikohoa. Wa pili akafuata, kisha Baraza lote, nyayo zikitikisika. Bwana Mwinyikondo hakukohoa, ila alifungua Kitabu kwenye mapaja yake na kukitazama, nadhani bila kusoma.

Mimi nilimfundisha kuzuia kicheko. Hilo lingine, la kumkana mjukuu, bweni halina somo lake.

Bi Sikudhani akasukuma kifurushi kwapani, akatoka. Hakukimbia. Alishika njia ya kijitoni katikati ya mtaa, na Baraza likamfuata nyuma likiwa limebebwa, maana nyayo za msafiri hazikanyagi ardhi. Kila mjumbe alipandishwa mgongoni kwa mkaa-nyumbani mmoja. Hivyo ndivyo nilivyopata kuona, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, wasafiri wa Jalidani wakisafiri.

Kijitoni kuna askari aitwaye Nahodha wa Bahari Kuu. Jina lake Mbwiga. Amepewa kasia kubwa, nalo hulitumia kukoroga nguo zake anapofua. Tulimkuta na povu mpaka viwikoni.

"Mama Zawena, rudi," akasema. "Bahari imechafuka."

"Imechafuka kwa sabuni yako. Sogea."

Akasogea. Bi Sikudhani alikunja khanga, akaingia. Maji yalimfika magotini. Palipokuwa na kina zaidi yalipanda kidogo, yakashuka.

"Akamatwe," akasema mjumbe wa sheria kutoka mgongoni alipokuwa. "Amevuka bila ruhusa."

Mbwiga alijikuna kichwa kwa mkono wenye povu. "Nimkamatie wapi, mzee? Kitabu kinasema bahari hii haina sakafu. Nikiingia nikasimama, wakubwa mtaandika nimesimama juu ya nini?"

Hapo pakazuka mjadala ambao nautaja kwa kifupi. Mjumbe wa sheria alisema mvukaji akamatwe. Mwingine akasema hakuna anayeweza kuvuka kitu kisicho na ng'ambo, hivyo hakuna mvukaji. Wa tatu aliuliza kama Mbwiga anaweza kumkamata akiwa amefumba macho. Mwenye masikio mazito aliuliza tena kama amecheka. Waliowabeba walikuwa wakibadilisha miguu kwa uchovu. Wakati huo Bi Sikudhani alikwishafika ng'ambo, anakamua pindo la khanga, na mwanamke mmoja wa Kitopeni alikuwa anamkimbilia huku akiwafukuza kuku njiani.

Uamuzi ulitolewa na Bwana Mwinyikondo, kwa sauti kavu. Mtu anayeingia Bahari Kuu bila chombo huzama. Dada yake aliingia bila chombo. Kwa hiyo dada yake amezama.

Wote wakavua kofia. Ng'ambo, marehemu aligeuka, akaweka viganja mdomoni.

"Kaka," aliita, "nimeacha maharage motoni. Kayaepueni."

Waliyaandika hayo kama maneno yake ya mwisho, na nasikia yatachongwa.

Matanga yalifanyika nyumbani kwake mchana uleule. Maharage yaliepuliwa na kuliwa na wafiwa. Mimi, kwa kuwa ni mtu wa Tukuyu, niliyaamkia kwanza, na watu wazima waliokuwa karibu yangu wakayaamkia pia. Watu walisimulia wema wa marehemu, wakataja nchi alizowafikisha. Bwana Mwinyikondo aliketi chumbani kwangu, mgongo ukiwa umeegemea picha ya bahari.

Jua lilipoanza kulala, vigelegele vikapasuka. Vilitoka nyuma ya mgongo wake hasa, vingi, vikipandana, na sauti moja ikiwa juu ya zote. Mtu yeyote aliyewahi kusomewa na sauti ile asingeikosa. Halafu kikasikika kilio cha mtoto mchanga, kidogo na chenye hasira.

Wafiwa wakakohoa. Msafiri Mkuu alianza, kama cheo chake kinavyomtaka. Wengine walipomaliza, yeye aliendelea. Alikohoa mpaka machozi yakamteremka ndevuni, na mabega yakawa yanamtikisika bila hata sauti ya kikohozi.

"Ni kifua," jirani akaniambia.

"Apone," nikasema.

Bwana Mwinyikondo aliomba aachwe alale chumba kile, kwa ajili ya msiba. Mimi nililala jikoni. Asubuhi niliikuta picha ya bahari imening'inia kwa pembe moja, na kwenye kipaji cha uso wake palikuwa na alama ya udongo, duara, ya ukubwa wa kikombe. Nikafikiri, sasa atasema neno.

Jogoo akawika. Bwana Mwinyikondo akakohoa. Akaagiza picha inyooshwe, nyumba ijazwe mawe, na Kitabu cha Kitopeni kiongezwe mstari: kwamba Bahari Kuu, pamoja na sifa zake nyingine, ilimla dada wa Msafiri Mkuu, na kwamba yeye mwenyewe aliiona ikimla.

Niliondoka siku hiyo, na namna nilivyoondoka nayo iko kwa mwalimu wa zamu. Nyuma yangu nimewaachia Wajalidani kitabu kipya na kinene juu ya nchi yetu, na hakuna namna ya kukirudisha. Hivi sasa kuna mtu mzima kibarazani huko, viatu vyake vimeelekea Tukuyu, anaamkia maharage.

Niliporudi niliitwa ofisini nieleze nilikokuwa. Nikaeleza yote, kama nilivyoeleza hapa. Mwalimu wa Jiografia alifungua kitabu chake, akapitisha kidole kwenye ramani kutoka juu hadi chini, akasema nchi ya namna hiyo haipo.

"Nimekula uji wake, mwalimu."

"Iko ukurasa wa ngapi?"

Nje mvua ilikuwa inapiga bati mpaka tulilazimika kupaza sauti. Kitabu kilichokuwa wazi mezani kilisema kwamba mwezi huu, katika ukanda wetu, ni kiangazi. Mwalimu alinisubiri. Nilimtazama katikati ya nyusi, nikauma shavu, na nikakohoa.